Matabaka Kumi na Moja

JUMAPILI, SAA NNE ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha duka la vyuma chakavu kilikuwa na meza moja, viti vinne na watu watano. Aliyekosa kiti ni Fundi, na ndiye pekee ambaye bila mikono yake dili lisingekwenda popote. Hakuna aliyempisha isipokuwa mdogo wake, na huyo ndiye ambaye hakupaswa kusimama.

"Kaa chini," Fundi alimwambia. "Mguu huo unautesa bure."

Chuma akakaa. Walimwita Chuma kwa sababu ya bamba alilofungwa pajani miaka minne iliyopita, baada ya lori kumrusha mtaroni. Bamba na skrubu sita. Zamani alijitania mwenyewe kabla watu hawajamtania. Siku hizi utani ulikuwa umemwisha. Daktari alisema ndani kunatunga usaha, bamba litolewe upesi, la sivyo mguu wenyewe utakatwa. Kiwanda alimosimama saa nane kwa siku kuchambua vito kilisema mguu ni wake, operesheni ni yake.

"Kwa mara ya mwisho," Mjomba alisema. "Asiyeelewa leo asije kunililia Alhamisi."

Alikuwa mjomba wao wa kweli, ndugu wa mama yao, tumbo moja. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyewachukua wote wawili, akawalisha, akawasomesha, akawachapa ilipobidi. Hata lile bamba la pajani, hospitali isingelifunga bila yeye. Genge zima lilimwita Mjomba, lakini ni wawili tu mle ndani waliokuwa na haki ya damu ya kumwita hivyo. Fundi alikuwa bado anamwamkia shikamoo kila akiingia, hata kwenye kikao cha wizi.

"Macho. Anza."

Macho alikuwa msoma picha langoni pa kiwanda. Kazi yake ni kukaa mbele ya skrini na kutazama mifupa ya watu wakitoka zamu. Kila mtu, awe mfagiaji awe meneja, anasimama kwenye mashine ya miale, anainua mikono, anapigwa picha toka utosini hadi unyayoni. Ukimeza jiwe, linaonekana. Ukilificha mahali pa aibu, linaonekana vilevile, na watu wawili wanakucheka.

"Tunasoma wawili," Macho alisema. "Mimi na msimamizi. Mimi nikifumba jicho, yeye hafumbi. Kwa hiyo picha lazima iwe safi. Na mimi mwenyewe napigwa picha nikitoka, msinitazame hivyo. Kitu pekee kinachotoka pale bila kupita kwenye mashine ni sanduku la ushahidi, siku mtu akikamatwa. Hilo nalibeba mimi mpaka ofisini, ng'ambo ya barabara. Sasa mnataka tukae tusubiri mtu akamatwe?"

Wakacheka. Hata Fundi alicheka. Baadaye angekikumbuka kicheko kile na kujichukia.

"Chuma anapita kila siku," Macho aliendelea. "Miaka minne sasa. Msimamizi akiliona lile bamba anasema, huyo Chuma, apite. Hatazami mara mbili. Amelizoea."

"Fundi," Mjomba akasema.

Fundi alitandika vitu viwili mezani. Cha kwanza, filamu ya hospitali ya paja la mdogo wake, aliyoining'iniza dirishani wiki nzima na kuitumia kama kipimo cha kukatia. Cha pili, kitambaa cheupe, chepesi, laini kama utando wa buibui.

"Hicho?" aliuliza Kimya, dereva. Lilikuwa neno lake la kwanza asubuhi ile.

"Hicho."

Karakana ya Fundi ilitengeneza aproni za wapiga eksirei. Zamani aproni zilikuwa za madini ya risasi, nzito, zinawavunja manesi mgongo. Sasa wanaiyeyusha plastiki mpaka iwe kama uji, wanauchanganya na unga wa madini mazito, wanaupitisha kwenye sindano yenye umeme mkali. Umeme unauvuta ule uji. Unatoka uzi mwembamba ambao jicho haliuoni, unajilaza juu ya pipa linalozunguka, uzi juu ya uzi, mpaka kinatokea kitambaa. Kila uzi umebeba unga wake. Tabaka moja linapunguza miale kidogo tu. Ukipanga matabaka, unaipunguza kadiri unavyotaka. Fundi aliijua kazi ile kuliko mkuu wa karakana, na mshahara wake ulikuwa wa mfagiaji. Mabaki ya kingo, ambayo wenzake walitupa, yeye alikuwa akiyabeba kifuani mwezi mzima.

"Watu wanadhani ukivaa kinga huonekani," alisema. "Wapi! Kinga yenyewe inaonekana. Vaa aproni nzima langoni pale, kwenye skrini ya Macho wewe ni doa jeusi, utakamatwa kabla hujashusha mikono. Dawa ni kufanana na kile walichokizoea. Nimepanga matabaka kumi na moja. Kumi na moja yanatoa kivuli kilekile cha bamba. Nimejaribu kwenye mashine ya karakana mara thelathini. Kitambaa kinaanzia pale bamba linapoishia, ukingo kwa ukingo. Vito vinalala chini yake. Kwenye skrini ni bamba lilelile, limenenepa kidole kimoja."

"Na vile vikubwa?" Chuma aliuliza. Kwa miezi minne alikuwa akikwepesha vito na kuvificha kiwandani humohumo, kwenye kopo la matambara chini ya meza yake. Vidogo thelathini, vikubwa saba.

"Vikubwa vitatuna. Havipiti."

"Vikubwa mpe Macho, akae navyo chumbani kwake pale langoni," Mjomba alisema. "Tutavitafutia siku yake." Kisha akamgeukia Fundi. "Ongeza mawili."

"Mawili nini, Mjomba?"

"Matabaka. Yawe kumi na matatu. Wameiongezea mashine nguvu wiki hii."

Macho alikuwa akitazama kucha zake.

"Mjomba, wakiiongezea nguvu, hata bamba la kweli litapauka, na kitambaa kitapauka nalo. Havitapishana. Nikiongeza mawili, kitambaa kitakuwa cheusi kuliko chuma. Msimamizi ataliona doa hilo hata kama anasinzia."

"Mpwa wangu, kazi hizi nimezianza wewe ukinyonya. Ongeza."

"Lakini Mjomba..."

"Ongeza!"

Chuma alimgusa dada yake mkono. "Dada, Mjomba anajua."

Fundi akaisawazisha filamu mezani. Maisha yake yote watu wasiojua kitu walikuwa wakimfundisha kazi yake, na sasa hata kwenye wizi.

Mjomba alichukua kipande cha akiba, kile alichokileta kuwaonyesha tu, akaanza kukikunja.

"Usikunje!" Fundi alidaka mkono wake. "Kikikunjwa nyuzi zinakatika kwa ndani. Kwa nje huoni kitu. Kwenye mashine unauona ufa. Chuma, nawe unasikia? Hakikunjwi, hakikaliwi, hakilaliwi."

"Nasikia, Dada. Umeshaniambia mara mia."

Mjomba akacheka, akakiviringisha kipande kile taratibu kama mkeka, akakitia mfuko wa ndani wa koti. "Haya, sijakikunja. Umefurahi?"

ALHAMISI, SAA KUMI NA MOJA ALFAJIRI

Chuma alikaa ukingoni mwa kitanda, suruali imekunjwa hadi nyongani. Paja lilikuwa na joto lisilo la kawaida. Kovu lilikuwa jekundu na lilikuwa likivuja upande mmoja. Fundi alilisafisha, akaweka shashi, kisha akakilaza kitambaa upande wa nje, pale penye ngozi nzima, akakibana na bandeji. Aliacha mdomo upande wa juu. Huko ndiko vito vingeingizwa, chooni, dakika kumi kabla ya zamu kwisha.

"Usiuchuchumalie mguu huu. Usipandishe ngazi mbilimbili."

"Dada, nitapasuka kwa kucheka. Lini mara ya mwisho umeniona napanda ngazi mbilimbili?"

"Basi nyoosha tu."

"Umeongeza yale mawili?"

Fundi alikuwa ameinamia bandeji. Hakuongeza. Usiku wa Jumatano alikaa na kile kitambaa mezani, akayahesabu matabaka, akakipitisha tena akilini kwenye mashine, akaamua kwamba Mjomba akasirike tu. Lakini angemwambia Chuma, Chuma angemwambia Mjomba. Kijana yule hakuwahi kumficha Mjomba kitu tangu ana miaka sita.

"Nimeongeza," alisema.

Chuma akamtazama kidogo. "Sawa, Dada."

Akashusha suruali, akavaa viatu, akatoka akichechemea. Mlangoni aligeuka. "Wakishanitoa chuma hiki mtaniitaje?"

"Tutakuita jina ulilopewa na mama."

"Nimelisahau," akasema, akaenda zake akicheka.

SAA SABA NA NUSU MCHANA

Gari lilikuwa la mizigo, limefunikwa, ubavuni limeandikwa kazi za bomba na maji. Kimya kwenye usukani. Mjomba kando yake, bastola kiunoni chini ya shati. Fundi nyuma, juu ya rundo la mabomba, mlango wa ubavuni umefungwa. Kitasa cha ndani kilikuwa kimeng'olewa. Aliliona hilo wakati wa kupanda, akadhani ni ubovu wa gari tu.

Kimya alilipita lango la wafanyakazi bila kupunguza mwendo. Akavuka barabara. Akaegesha mbele ya ofisi.

"Umepitiliza," Fundi alisema.

Kimya akazima injini.

"Kaka, lango liko kule. Chuma anatokea kule. Kwa mguu ule hawezi kuivuka barabara hii mbiombio."

"Tunasubiri hapa," Mjomba alisema.

"Hapa tunamsubiri nani?"

Kimya aliutazama usukani. Mjomba aliwasha sigara. Fundi akachungulia katikati ya mabega yao. Mlango wa kioo. Mlinzi mmoja mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki. Nani huingia pale? Mameneja. Wageni. Na Macho. Macho alisema Jumapili. Sanduku nalibeba mimi mpaka ofisini, ng'ambo ya barabara.

Siku mtu akikamatwa.

Vito vikubwa saba viko chumbani kwa Macho. Macho anapigwa picha akitoka. Sanduku halipigwi. Na matabaka mawili ya ziada yanafanya doa jeusi kwenye paja.

"Mjomba," alisema polepole. "Niambie nimekosea."

"Hujakosea. Ulikuwa na akili tangu mdogo." Alipuliza moshi nje ya dirisha. "Vile vidogo ni vya kuchezea. Mzigo ni vile saba. Vile saba haviwezi kutoka bila sanduku, na sanduku halitoki bila mtu. Macho ameshavilaza chini ya kitambaa cha sakafu ya sanduku. Ofisini watamwaga vidogo mezani, watavipiga picha, watamrudishia Macho sanduku tupu. Sanduku tupu nani analikagua? Anatoka nalo mlango ule, anakuja dirishani hapa. Basi."

"Na Chuma?"

"Kijana ni mgonjwa, hajawahi kuiba. Hakimu atamhurumia. Miaka mitatu, minne. Na gerezani kuna daktari, watamtoa hilo bamba bure."

"Mjomba! Ni mtoto wa dada yako!"

"Ndiyo maana najua hatanitaja."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Fundi alitaka kulia, na machozi hayakuja. Alimwona Mjomba akiwa amewashika mikono siku ya mazishi, yeye kulia, Chuma kushoto. Alimwona akimpulizia Chuma uji. Kumbe mtu anaweza kukupulizia uji ukiwa mtoto, na ukikua akakutoa kafara. Alijisikia mjinga, mjinga mtupu.

SAA NANE KASORO DAKIKA TANO

Kisha akakumbuka, na ubaridi mtamu ukampanda mgongoni.

"Mjomba."

"Mm."

"Sikuongeza."

Mjomba hakugeuka.

"Umesikia? Ni kumi na moja. Atasimama kwenye mashine yako na msimamizi atasema huyo Chuma, apite. Hakuna doa. Hakuna sanduku. Macho atabaki na mawe yake saba ayatafune. Mimi ndiye fundi. Umenilea, lakini kazi hii hukunifundisha wewe."

Mjomba alizima sigara kwenye kiatu. Alifanya hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nilijua hutaongeza," alisema. "Nimekulea. Ukiwa na miaka tisa nilikwambia usifungue redio yangu. Ukaifungua, ukaitengeneza, ukaifunga, ukasema hujaigusa." Sasa aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na hilo lilimwumiza Fundi zaidi. "Kile kipande cha Jumapili nilimpa Chuma leo asubuhi kituo cha basi, pamoja na gundi. Nikamwambia, dada yako atakuwa amekudanganya. Hesabu kingo. Ukikuta kumi na moja, bandika mawili."

Fundi aliurukia mlango wa ubavuni. Akaupiga kwa mikono, akaupiga kwa bomba. Mlinzi mzee akainua kichwa.

"Tulia," Mjomba alisema, na bastola ilikuwa pajani mwake.

"Nipige basi! Nipige hapa mbele ya ofisi, tuone sanduku lako litakavyokuja!"

Hakupiga. Kimya aliendelea kuutazama usukani, na shingo yake ilikuwa inatoka jasho.

SAA NANE NA DAKIKA SITA

King'ora kililia mara tatu. Ng'ambo ya barabara lango la wafanyakazi likafungwa kwa kishindo. Watu waliokwishatoka walisimama kutazama nyuma. Mtu mmoja alisema kwa sauti, "Wamemnasa mtu." Mwingine akauliza nani. Halafu jibu likapita mdomo kwa mdomo hadi barabarani, mpaka kwenye dirisha la gari.

"Chuma. Yule kiwete."

Fundi alikaa chini juu ya mabomba. Alijua picha ilivyokuwa, hakuhitaji kuiona. Bamba la kijivu, skrubu sita, na kando yake kipande cheusi zaidi, kingo zimenyooka, kimekatwa vizuri sana.

SAA NANE NA DAKIKA ISHIRINI NA TANO

Lango dogo lilifunguka. Akatoka Macho na sanduku la bati mikononi, ameliinua kifuani kama mtu aliyebeba keki. Kulia kwake msimamizi, mwanamume mnene mwenye miwani. Kushoto kwake askari wa kiwanda. Wakasimama ukingoni mwa barabara kungoja magari yapite.

"Washa gari, lingurume tu," Mjomba alisema.

Kimya aliweka mkono kwenye ufunguo. Hakuwasha. Aliuchomoa.

"We! Vipi?"

Kimya alifungua mlango wake, akashuka, akazunguka upande wa pili. Mlango wa ubavuni ulifunguka, jua likamwingia Fundi machoni. Dereva alikuwa amesimama pale, ufunguo mkononi.

"Jumapili sikujua," alisema. "Nimeambiwa leo njiani." Akafikiri kidogo. "Mimi pia nina dada."

Akautia ufunguo mfukoni, akaondoka kwa miguu, hakukimbia wala hakugeuka. Mjomba alimtukana matusi ambayo watoto wa dada yake hawajawahi kuyasikia kinywani mwake.

Fundi alikuwa ameshafika barabarani. Lori lilimpigia honi. Mgongo ulimwasha mahali risasi ingeingilia. Haikuja.

Alisimama mbele ya Macho, karibu kiasi cha kuligusa sanduku.

"Lipitisheni hilo sanduku kwenye mashine."

Macho alicheka kidogo. "Mama, tupishe, tuko kazini."

"Wewe ni nani?" msimamizi akauliza.

Hapo ndipo angeweza kurudi nyuma. Angesema amekosea njia, angepotea kwenye umati, angekwenda karakana kesho kama kawaida, na Alhamisi nyingine angepeleka chakula gerezani. Hakuna aliyemjua. Kwenye kitambaa kile hakukuwa na jina lake.

"Mimi ndiye niliyetengeneza kile kitambaa cha pajani," alisema. "Kihesabuni. Matabaka kumi na moja ni yangu, mawili ya juu yamebandikwa kwa gundi. Na chini ya kitambaa cha hilo sanduku kuna mawe saba ambayo huyu bwana hakuyaandika popote. Lirudisheni kwenye mashine mlione. Na mwenye kazi yuko ndani ya gari lile, lile la bomba na maji. Halina ufunguo."

Msimamizi alimtazama Macho. Macho alirudi nyuma hatua moja, na ndani ya sanduku, chini kabisa, kitu kiligonga bati.

SAA TISA NA ROBO

Walimweka Fundi kwenye chumba kimoja na Chuma humo kiwandani, benchi moja, yeye mwisho huu na mdogo wake mwisho ule. Chuma alikuwa amekatwa suruali kwa mkasi hadi nyongani. Bandeji imefunguliwa. Kovu lilikuwa linavuja na hakuna aliyelifunika. Dirishani waliona Mjomba akipitishwa uani, mikono nyuma, shati limechomoka. Alionekana mzee. Alitazama dirishani. Kwa mara ya kwanza maishani, Fundi hakumwamkia.

"Dada," Chuma alisema.

"Naam, mdogo wangu."

"Wanasema ni wewe umemtaja Mjomba."

"Alikuuza, Chuma. Alitaka ukamatwe ili..."

"Wameshanieleza. Wanaweza kueleza chochote." Hakuinua macho. "Mjomba ndiye aliyenilipia mguu huu. Mjomba alinibeba mgongoni hospitali. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unafanya mtihani."

"Nisikilize..."

"Nilikuuliza asubuhi. Nilikuuliza kwa mdomo wangu, Dada, umeongeza? Ukasema umeongeza. Mjomba alisema utanidanganya. Mimi nikabisha. Nikamwambia, Dada? Hawezi. Saa saba na dakika arobaini nikaingia chooni, nikahesabu kingo. Kumi na moja. Sasa ulitaka nimwamini nani?"

Fundi alikuwa nalo jibu la miale, na la unga, na la vivuli, na yote yalikuwa sahihi. Hakuna hata moja lililofaa. Angesema neno moja la kweli alfajiri ile, sasa hivi wangekuwa njiani kwenda kwa daktari.

"Nisamehe," alisema.

Chuma aligeukia ukuta.

Askari aliingia na mfuko wa karatasi wa kutilia ushahidi. Kitambaa kilikuwa mezani, kimelala wazi. Fundi alikitazama, akashindwa kutokitazama. Matabaka mawili ya juu yalikuwa yamebandikwa sawasawa, ukingo kwa ukingo, bila kiputo wala gundi kuvuja, kama alivyomfundisha. Kijana yule alikuwa amejifungia chooni, na mguu ule, na dakika chache zile, na bado hakukikunja hata mahali pamoja.

Mfuko ulikuwa mdogo. Askari alikipima kwa macho, akakishika pembe mbili.

"Usikunje," Fundi alisema.

Askari alimtazama kama mtu aliyesikia kichekesho. Akakikunja mara mbili, akakikunja tena, akakikandamiza kwa kiganja ili kiingie, akafunga mfuko na kuandika tarehe.